Nyumba ni yake, maziwa ni yake, ngamia si wake: maisha ya wanawake wa kaskazini mwa Kenya

Tuanze na swali moja. Mke na mume wa Kigabra, jamii ya wafugaji wa ngamia, wakikosana vibaya huko North Horr kaunti ya Marsabit, nani anatoka nyumbani? Wengi wetu tuliozaliwa kwingine tutajibu haraka haraka kwamba mke atafunga virago arudi kwao, lakini kule nyumba ni ya mke, yeye ndiye aliijenga pamoja na mama yake na kina shangazi, yeye ndiye anaibomoa na kuipakia ngamia siku ya kuhama, mume ndiye anaingia kwa nyumba ya mtu. Sasa swali la pili. Huyo huyo mama mtoto wake akiugua na anataka kuuza mbuzi wawili apate nauli na dawa, anaweza? Mara nyingi hawezi, inabidi amsubiri mume arudi kutoka malishoni ama amtafute shemeji, kwa sababu yeye sio wa kuuza mnyama.

Hayo mambo mawili yako kwa mtu mmoja, siku moja, boma moja. Ndio maana nimeamua kuandika hii, maana ukisoma vitu vingi kuhusu kina mama wa kaskazini utapata picha mbili tu, mama amekonda ameshika mtungi mtupu wakati wa ukame, ama mama amevaa shanga mpaka kidevuni kwenye kalenda ya watalii. Mmoja wa kuhurumiwa na mwingine wa kupigwa picha. Na ukibaki na hizo picha mbili hutaelewa kabisa kwa nini misaada mingine inafika na haibadilishi kitu, kwa nini ukame unaishia kwa harusi ya mtoto wa darasa la sita, kwa nini mama anapata nyumba ya mabati halafu anakuwa maskini kuliko alivyokuwa. Mimi naona uzi unaounganisha haya yote ni mmoja, na uzi wenyewe ni nani ana haki gani juu ya mnyama. Nitajaribu kuufuata.

Kwanza tuelewane tunaongelea wapi. Nikisema kaskazini namaanisha Marsabit, Turkana, Samburu, Isiolo, Wajir, Mandera na Garissa. Marsabit peke yake ina karibu kilomita za mraba 70,000, yaani ni kubwa kuliko Rwanda na Burundi ukiziweka pamoja, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 459,785 tu humo ndani. Turkana ilikuwa na watu 926,976. Na hawa sio watu wa aina moja, kuna Warendille, Wagabra, Waborana, Wasamburu, Waturkana, Wasomali, Waburji, Wadaasanach, Waelmolo kule Ziwa Turkana, wengine Waislamu, wengine Wakristo, wengine bado na dini ya wazee wao. Mama Msomali mwenye duka la nguo Wajir na mama Mturkana anayesuka vikapu vya mkoma karibu na Lodwar hawaishi maisha sawa, kwa hiyo mtu akikuambia "mwanamke wa kaskazini" muulize kwanza yupi.

Nani ana haki ya nini

Rudi kwa nyumba ya Mgabra ama Mrendille. Ni fito zilizokunjwa, mikeka ya nyuzi na ngozi, vitu ambavyo mama anavisuka na kuvitunza miaka na miaka. Binti akiolewa mama yake anamega sehemu ya nyumba yake mwenyewe, fito na mikeka, ndiyo inakuwa mwanzo wa nyumba ya binti. Kwa hiyo ndani ya nyumba ya msichana aliyeolewa jana kuna vitu vilivyopita mikononi mwa nyanya yake na pengine mama ya nyanya yake. Siku ya kuhama ile nyumba inashuka, fito zinageuka kuwa kiti cha kubebea watoto na wazee juu ya ngamia, na jioni mkifika mahali papya inasimama tena kabla giza halijaingia vizuri. Mimi sijui mali gani nyingine mwanamke wa Kenya anayo ambayo iko imara hivyo, anayoirithi kwa mama na kumpa binti bila mwanamume yeyote kuweka sahihi.

Kwa Waturkana iko hivyo pia kwa namna yao, mume akiwa na wake watatu boma lina sehemu tatu, kila mke na vibanda vyake alivyojenga mwenyewe, na jiko lake.

Alafu kuna maziwa, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Ngamia ni wa mume, ana alama ya ukoo, mume anaweza kumkopesha rafiki, kumlipa kama mahari ama kumuuza. Lakini maziwa yakishatoka kwa ngamia na kuingia kwenye kile chombo kilichosukwa kwa nyuzi, ni ya mama. Hata pale ambapo wanaokamua ni vijana wa kiume, mama ndiye anajua nani amekunywa asubuhi, mtoto gani ana homa aongezewe, mgeni apewe kiasi gani, jirani ambaye ngamia wake wamekauka apelekewe nini. Na kile chombo chenyewe anakifukiza kwa moshi wa miti fulani aliyoichagua, moshi unaua vijidudu na kufanya maziwa yakae siku kadhaa bila kuharibika, teknolojia kamili hiyo na iko mikononi mwake. Mume akitaka maziwa ya kumpa rafiki anamuomba mke. Na mke akinyima kuna njia za kusuluhisha lakini mume hachukui tu kwa nguvu, ni aibu.

Unaona sasa jinsi mambo yalivyogawanywa. Mwanamume ana mnyama mwenyewe, mwanamke ana kile kinachotoka kwa mnyama kila siku. Wakati mifugo ni mingi na mvua inanyesha huu mgawanyo unampa mama nguvu ya kweli, sio ya maneno, kwa sababu chakula kikuu cha watu wote kiko chini ya mkono wake. Lakini haki yake imening'inia kwa mnyama ambaye si wake. Mnyama akifa, akiuzwa, akipelekwa mbali, haki yake inakwenda naye. Na hapo hakuna mtu amemnyang'anya kitu, hakuna wa kushtaki, kitu kimepotea tu. Ukishika hii hayo mengine yanaanza kufunguka.

Nisiseme kama zamani ilikuwa peponi, haikuwa. Warendille kwa mfano mtoto wa kwanza wa kiume ndiye anarithi ngamia wa baba, binti harithi. Mahari ni ngamia wanane, wanne majike na wanne madume, na wanapokelewa na familia ya binti, si binti mwenyewe. Na kulikuwa na desturi yao moja inaitwa sepaade, kwamba mabinti wa rika moja katika kila marika matatu walikuwa hawaruhusiwi kuolewa mpaka kaka zao wote wameoa, kwa hiyo wasichana wanakaa wakichunga ngamia mpaka wanafika umri wa kukaribia kukosa kuzaa. Simulizi inasema ilianza wakati wa vita vya zamani ambapo wanaume walikuwa vitani na ngamia hawana wachungaji. Sawa, lakini vita viliisha na wale wasichana wakaendelea kungoja kizazi baada ya kizazi. Wazee walikuja kuifuta 1998. Yaani juzi tu.

Wakati watu walianza kukaa mahali pamoja

Ukiuliza ni nini kimebadilisha maisha ya kina mama zaidi ya kitu kingine huko kaskazini, wengi watakuambia shule ama injili ama simu. Mimi ninaamini ni kuacha kuhama.

Na hawakuacha kwa kupenda. Serikali ya mkoloni ilianza kulifunga hili eneo kwa sheria ya 1902, ikaongeza nyingine 1934, huwezi kuingia wala kutoka bila kibali, na kazi ya ofisi ilikuwa kuzuia watu wasivuke mipaka ya malisho kuliko kuwajengea chochote. Uhuru ukaja na vita vya shifta, yaani waasi waliotaka eneo hili lijiunge na Somalia, kuanzia 1963 mpaka 1967, na humo ndani serikali ikawasukuma watu kwenye vijiji vya kulindwa, mifugo ikafa ama ikachukuliwa ama ikapigwa risasi, Waborana wa Isiolo bado wanaitaja ile miaka kama wakati ambapo dunia yao ilisimamishwa. Alafu ule waraka wa sera wa serikali, namba 10 wa 1965, ambao ulisema pesa ya maendeleo iende kule ambako itazaa haraka, yaani nyanda za juu zenye mvua na reli, na kaskazini ikangoja. Hali ya hatari kule Kaskazini Mashariki, yaani Garissa, Wajir na Mandera, haikuondolewa mpaka 1991. Mtu aliyezaliwa 1963 alifikisha miaka 28 akiishi chini ya sheria za dharura ndani ya nchi yake.

Ukaja ukame wa miaka ya 1970 na 1980. Mtu amepoteza ngamia wote, anafanya nini? Anakwenda pale penye misheni, penye kisima cha mashine na mahindi ya msaada. Ndivyo Korr na Kargi kule kwa Warendille zilivyokua, ndivyo miji mingi midogo ya kule ilivyoanza. Na kila mtu akaona ni hatua nzuri, watu wamekaa sasa, watapata shule, watapata dispensari.

Walipata, ni kweli, na mimi sitaki mtu aniambie napinga shule. Lakini angalia kilichompata mama. Ng'ombe na ngamia hawawezi kukaa mjini, nyasi zinaisha kwa wiki chache, kwa hiyo vijana wanawapeleka mbali kwenye kambi za malisho zinazoitwa fora, siku nyingi za kutembea. Maziwa yanabaki huko huko fora. Mama na watoto wamebaki mjini na chai ya rangi, sukari na unga. Kuna watafiti waliofuatilia watoto wa Warendille na majirani zao Waariaal miaka ya 1990, wakapima uzito na kile wanachokula, na wakakuta watoto wa familia zilizokuwa bado zinahama walikuwa na lishe bora kuliko wale waliokaa mjini, hata wakati wa ukame, na sababu kubwa ni maziwa. Huyo mtoto wa mjini yuko karibu na shule na chanjo lakini hana maziwa. Na mama yake ambaye alikuwa bosi wa maziwa amekuwa mtu wa kuomba pesa ya unga.

Nyumba nayo. Ukikaa mahali pamoja miaka 10 nyumba ya mikeka inachakaa, miti ya fito imekatwa yote karibu na mji, kwa hiyo mnataka mabati. Nani anajenga ya mabati? Fundi. Nani anamlipa fundi? Mwenye kuuza mbuzi, yaani mume. Na kiwanja kikiandikishwa jina linaloandikwa ni la nani? Hakuna aliyekaa chini akapanga kumpora mama nyumba yake, ila ukiangalia mwanzo na mwisho ndicho kilichotokea, ile mali moja aliyokuwa nayo kutoka kwa mama yake imegeuka kuwa nyumba ya mume. Wakikosana leo pale mjini yeye ndiye anatoka. Hili jambo halisemwi, na mimi linaniuma sana kwa sababu kwenye ripoti nyumba ya mabati inahesabiwa kama maendeleo ya familia na inaishia hapo.

Kazi haikupungua pia. Maji pengine yamekuwa karibu kama boreholi haijaharibika, lakini kuni zimekwenda mbali. Ndio kina mama wakaanza biashara, na hapa ni lazima niwape heshima yao yote kwa sababu walianza bila mtaji wowote wa maana, mkaa, sukari ya kupimwa, miraa, shanga, samaki wa kukaushwa kule Kalokol ziwani, chai ya asubuhi kituoni. Miraa ya Moyale na Wajir iko mikononi mwa wanawake kwa sehemu kubwa, ukitaka kujua nani anasomesha watoto wengi pale mjini nenda ukaangalie kina mama wanaongoja gari la miraa mchana.

Na biashara ya maziwa ya ngamia ndiyo inanipa raha kuliko zote. Pale Isiolo kuna kina mama Wasomali waliojipanga kwa ushirika unaoitwa Anolei, wanakusanya maziwa kutoka kwa wafugaji huko vijijini, yanakuja kwa pikipiki, wanayapima, wanayapoza, yanapanda basi mpaka Eastleigh Nairobi na huko yananunuliwa yote. Angalia walichofanya, wamechukua ile haki ya zamani ya maziwa wakaigeuza kuwa pesa mkononi. Mume bado ana ngamia wake, sawa, lakini pesa ya kila siku inaingia kwa mama. Ina upande wake mgumu, maziwa yakiuzwa yote mtoto wa nyumbani atakunywa nini, na hilo kina mama wenyewe ndio wanalipima kila asubuhi kwa kichwa chao kabla ya pikipiki kufika.

Ukame, kadi na bima

Kuanzia mwisho wa 2020 misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo, na mpaka inafika mwanzo wa 2023 Kenya ilikuwa imepoteza zaidi ya mifugo milioni 2. Wanaume wenye nguvu waliondoka na mifugo iliyobaki wakavuka mpaka hadi Ethiopia, na bomani wakabaki kina mama, watoto, wazee na mbuzi wachache dhaifu wa kulishwa kwa mkono. Mama anatoka alfajiri kutafuta maji, akirudi anakata majani ya miti ampe mbuzi aliyelala, jioni anatafuta cha kupika. Usiku mtoto analia. Hakuna simu kutoka kwa mume kwa sababu huko aliko hakuna netiweki.

Misaada ilikuwepo na mingine ni mizuri. Kuna ule mpango wa serikali wa kupambana na njaa ulioanza Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, familia inapewa shilingi 2,700 kwa mwezi kwa akaunti ya benki, na zikilipwa kwa wakati zinasaidia, mwenye duka anaweza kukukopesha akijua una kadi ya huo mpango. Tatizo kubwa ni pale zinapochelewa, miezi inapita, deni la dukani linakua na mama ndiye anakabiliana na mwenye duka. Kuna shirika la BOMA lililoanzia Marsabit, wanaweka kina mama watatu watatu, wanawapa pesa ya kuanzia biashara na mafunzo na kuwafuatilia kwa miaka miwili. Watatu wanatosha kukaa kwa zamu dukani mmoja akijifungua ama akienda kwa wazazi, na pesa ya watu watatu si rahisi mume wa mmoja wao kuja kuidai.

Bima ya mifugo ni kitu kingine nataka tukielewe vizuri. Ilianzishwa Marsabit Januari 2010 na wataalamu wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, na inafanya kazi kwa satelaiti, wanaangalia kutoka angani vile malisho yamekuwa kijani ama yamekauka, yakishuka chini ya kiwango fulani unalipwa bila mtu kuja kuhesabu mizoga. Wazo zuri sana. Lakini jiulize inamlipa nani. Inalipa kwa hesabu ya mnyama, na mnyama ana mwenyewe. Maziwa hayamo kwenye ile hesabu. Ngamia mkavu ambaye hajafa, kwa mume bado ni ngamia, atanenepa mvua ikija, kwa mama tayari ni hasara kamili kuanzia siku maziwa yalipokatika, na hiyo hasara haina fomu ya kujaza. Kuna kina mama walionunua bima kwa majina yao, wapo, na nadhani wangekuwa wengi zaidi kama mtu angekaa nao kwanza akauliza wao wanapoteza nini na lini.

Ndoa na wembe

Hapa watu wa mijini huwa wanarukia moja kwa moja, na wakirukia wanachanganya vitu vitatu vinne tofauti.

Kwa Wasamburu na Warendille kukeketwa kumefungwa na ndoa, desturi ni kwamba msichana anakatwa siku ya harusi ama karibu nayo. Kwa Wasomali na majirani zao wengine anakatwa akiwa mtoto mdogo kabisa, ndoa iko mbali, na aina yenyewe mara nyingi ilikuwa ile kali ya kushona, na watu wanaihusisha na usafi na dini ingawa masheikh wengi wamesimama wazi kusema haimo kwenye dini. Kwa Waturkana haipo kabisa. Sasa ukija na kampeni moja ya kaskazini nzima utakuwa umepiga kelele tu. Kule Samburu ukichelewesha ndoa umechelewesha wembe, kwa hiyo shule ya bweni ni ngao. Kule Mandera msichana anafika darasa la kwanza tayari yamemkuta, shule haijamkinga, inabidi uongee na mama na nyanya yake na sheikh kabla hajafika hata hapo.

Kitaifa ukeketaji unashuka, utafiti wa afya wa 1998 ulikuta wanawake 38 kati ya kila 100 wamekeketwa, wa 2014 ukakuta 21, wa 2022 ukakuta 15. Sheria ya kupiga marufuku ipo tangu 2011. Lakini hiyo 15 ni wastani, kaskazini kuna mahali ni karibu kila mwanamke. Mwaka 2021 wazee wa Kisamburu walitangaza pale mji wa Kisima kwamba wanaacha, mbele ya rais, na tamko la wazee kule lina uzito kuliko gazeti la serikali, ila mkeketaji na mama wa msichana hawakuwa ndio wanaozungumza pale jukwaani.

Na ukame unaingia wapi? Mahari ni mifugo. Baba aliyepoteza kila kitu ana binti wa miaka 13, na kuna mtu bado ana ngamia. Ndio hivyo. Si kwamba hampendi mtoto, wengine wanakuambia kabisa kwamba huko angalau atakula. Ukitaka kuzuia ile ndoa kwa polisi peke yake utawahi moja na zitakupita kumi usiku.

Waturkana wana fundo lao. Kwao ndoa haijakamilika mpaka mahari yote imelipwa, na mahari yao ni kubwa, na kabla haijakamilika watoto wanahesabiwa ni wa baba ya mwanamke. Zamani mifugo ilikuwepo watu wanamaliza. Sasa baada ya ukame na uvamizi wa mifugo kuna watu wameishi pamoja miaka 15 na watoto watano na mke bado hajaolewa kwa macho ya jamii, mume akifa mke hana anachodai upande ule, na kurudi kwa baba yake anarudi akiwa ameshazeeka.

Kwa Wasamburu kuna lile la shanga, moran, yaani kijana wa rika la mashujaa, anamvika msichana mdogo shanga nyekundu na wanakuwa na uhusiano, ila hawawezi kuoana kwa sababu ni wa ukoo mmoja, na mimba ikiingia ni balaa ambalo linamwangukia msichana peke yake. Josephine Kulea ambaye ni Msamburu mwenyewe alianzisha Samburu Girls Foundation kuwaokoa hawa watoto na kuwapeleka shule, na 2015 Obama, akiwa rais wa Marekani, alimtaja kwenye hotuba yake pale Kasarani Nairobi. Aligombana na ndugu zake wa damu kwa ajili ya hii kazi.

Kuna kitu kinaitwa maslaha pia, hasa Kaskazini Mashariki. Msichana amebakwa, wazee wa pande mbili wanakaa chini ya mti, wanakubaliana ngamia kadhaa, kesi imeisha na koo hazitapigana. Kuzuia vita ni jambo la maana na sidharau. Lakini ngamia walilipwa kwa nani? Kwa ukoo, wanaume wa ukoo. Msichana mwenyewe hakupata hata maziwa yao. Ni ule ule uzi tunaoufuata tangu mwanzo, deni ni la mwili wake na malipo yana mwenyewe mwingine.

Na uzazi. Leba imeanza usiku na hospitali ya upasuaji iko kilomita 100 au zaidi, barabara ni mchanga na mawe. Juni 2013 kujifungua katika hospitali za serikali kulifanywa bure, lakini gari la kukufikisha halikuwa bure, na pikipiki ya usiku inataka pesa ambayo, tumeshasema, inatoka kwa kuuza mnyama ambaye mwenyewe yuko fora. Sensa ya 2019 ilionyesha vifo vya akina mama wajawazito 355 kwa kila vizazi hai 100,000 kitaifa, na baadhi ya kaunti za kaskazini ziko juu kwenye orodha. Barabara ya lami kutoka Isiolo mpaka Moyale imesaidia walio kandokando yake, safari ya siku mbili imekuwa ya saa chache. Ukiwa Dukana ama Ileret lami bado ni hadithi.

Wao wenyewe wamefanya nini

Wajir mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo zilikuwa zinauana, ukame upo, Somalia imevunjika silaha zinaingia. Sokoni kina mama wa koo tofauti wakaanza kukataa kuuziana na kununuliana. Dekha Ibrahim Abdi na wenzake, mama wa kawaida tu wenye watoto, wakaanzia pale pale sokoni, wakahakikisha soko liko wazi kwa kila ukoo, alafu wakaenda kwa wazee, kwa vijana, kwa ofisi ya DC, mkuu wa wilaya, mpaka 1993 wazee wakatia sahihi makubaliano yanayojulikana kama Al-Fatah. Huu mji ulikuwa bado unauguza kidonda cha Wagalla ya Februari 1984, ambapo wanaume wa Kidegodia walikusanywa na jeshi kwenye uwanja wa ndege na wengi hawakurudi, na wajane wao ndio walilea kizazi kilichofuata. Ule mfumo wa kamati za amani wa Wajir ulikuja kuigwa nchi nzima. Dekha alipata tuzo ya Right Livelihood 2007, akafariki 2011 baada ya ajali ya barabarani. Kenya haijamshukuru vya kutosha.

Kuna Umoja pia, karibu na Archer's Post, kijiji cha Samburu kilichoanzishwa 1990 na wanawake 15 wakiongozwa na Rebecca Lolosoli, waliokuwa wamefukuzwa makwao, wengi baada ya kubakwa. Watu wanakipenda kwa sababu hakina wanaume, mimi naona hiyo sio habari kubwa. Habari kubwa ni kwamba pale mwanamke ana mbuzi wake kwa jina lake, na kijiji kilinunua ardhi yake.

Siasa imesogea kidogo, Fatuma Dullo alichaguliwa seneta wa Isiolo 2017, Sophia Abdi Noor mbunge wa Ijara mwaka huo huo, Naisula Lesuuda Samburu Magharibi. Walishinda viti ambavyo si vya wanawake peke yao, mbele ya wazee ambao kwanza huketi kuamua ukoo utamuunga mkono nani.

Kwa sasa pa kutazama ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema jamii ijisajili, kila mtu mzima ni mwanachama, kamati ina watu kati ya 7 na 15 waliochaguliwa na mkutano wa jamii, na mwanamke aliyeolewa ndani ya jamii ni mwanachama moja kwa moja, hata mume akifa anabaki mwanachama asipoolewa kwingine. Kwa mara ya kwanza mjane wa Kirendille anaweza kuwa na haki iliyoandikwa juu ya kile ambacho mnyama anakula, hata kama mnyama mwenyewe bado si wake. Hiyo ni kubwa. Ila inategemea kama jina lake liliandikwa kwenye ile daftari, na daftari linaandikwa mkutanoni, na mkutano mara nyingi unaitwa saa nne asubuhi chini ya mti wa wazee, saa ambayo mama yuko kisimani kwenye foleni na punda wake. Wanaosimamia usajili wanaweza kuuita jioni, na wanaweza kuusogeza mpaka pale kisimani. Hakuna kifungu cha sheria kinachowazuia.